Kahawa Iliyojazwa Pomoni

Kwa jina la Mola aliyeitandaza ardhi, akayajua yaliyo chini yake kabla hajazaliwa yeyote wa kuyatafuta, twaanza. Asili ya habari hii ni Makorora, katika mji wa Tanga, kwenye mtaa mwembamba uitwao Kisimani. Wakaaji wake walifika kwa njia mbalimbali: wapo ambao babu zao walitoka Oman wakashika mashamba na biashara; wapo walioteremka milimani kuja kukata mkonge, wakabaki na misalaba yao na nyimbo zao za kwaya; na wapo Wadigo na Wabondei ambao hawakutoka kokote, kwa kuwa walikuwapo. Hapo Kisimani lipo benchi la mvule lililoegemea ukuta wa nyumba kongwe ya mawe na chokaa, na kila baada ya sala ya alasiri Ibrahimu muuza kahawa hulitua dele lake la shaba mbele ya benchi hilo, akagonganisha vikombe, na waliokusudiwa kusikia wakasikia.

Mwenye nyumba ile alikuwa Mzee Mohsin, ambaye kijiweni humwita Maalim, kwa kuwa alisoma vitabu vya dini na vya lugha hadi macho yakamwomba radhi. Alizaliwa mle ndani, akaurithi ukuta ule pamoja na ufa wake, ulioanza kwenye kona ya dirisha ukateremka kama mshipa kwenye mkono wa mzee. Kila baada ya masika aliuziba kwa chokaa aliyoiloweka mwenyewe, na kila mwaka ufa ulirudi kumwamkia. Upande wa pili wa ufa, ukutani kabisa, ndipo kilipokuwa kitanda cha dada yake mkubwa, Bi Muzna, asiyetembea tena, ambaye alikuwa ameapa kwamba katika chumba kile alimozaliwa hatatolewa akiwa hai. Dirisha lake lilifunguka juu ya benchi. Hakuna neno lililosemwa kijiweni asilolisikia, na hakuna upuuzi alioupitisha bila kugonga ubao wa dirisha kwa mkongojo.

Alasiri hiyo mazungumzo yalikuwa ya magari.

— Mino nimeyaona kwa macho haya, alisema Faris. Huyu ni mwendesha bodaboda aliyetoka Moa, ambako “mimi” husemwa “mino”, na kwa wingi wa habari zake kijiwe kimempa jina la Redio Mbao. — Gari kubwa kama nyumba. Tumboni lina bamba la chuma. Linasimama, linateremsha bamba, linaikanyaga ardhi mpaka meno yanagongana. Kisha wanatulia, wanasikiliza.

— Wanasikiliza nini? aliuliza Ibrahimu.

— Ardhi ikijibu.

— Inajibu nini?

— Hilo waulize wao. Mimi na ardhi hatujawahi kuzungumza.

— Wanatafuta mafuta, alisema Laurenti, na akakaa vizuri, kwa sababu neno hilo lilikuwa la kwake. Laurenti aliitumikia mashine ya kukamulia mkonge hadi akastaafu, na mashine hiyo huitwa korona. Basi naye akaitwa Korona, miaka mingi kabla ulimwengu haujalichukua jina hilo na kulitia ugonjwa. — Msibabaishwe na Redio Mbao. Mimi mashine nazijua. Jani la mkonge ukilibana, uzi unatokea huku, maji yanatokea kule. Na ardhi ni hivyo hivyo. Wataibana Pongwe, mafuta yatokee Makorora. Mtaamka asubuhi vyoo vimejaa dizeli.

— Basi nimepata, alisema Faris. Boda nitaijazia chooni.

— Boda inakunywa petroli.

— Nitabadilishana na jirani. Hapana choo kisicho na mafuta yake.

Dirishani mkongojo uligonga ubao.

— Nyie, mwanena hayo na watu wanywa kahawa, ilisema sauti ya Bi Muzna.

— Utusamehe, bibi, alisema Faris.

Ibrahimu aliinamia jiko lake akalitazama kwa shaka.

— Mtanicheka, lakini tangu magari yale yaje, moto wangu una rangi ya buluu pembeni.

— Umebadilisha mkaa.

— Mkaa ni uleule wa mama Bayan. Hii ni gesi inapanda. Siku moja nitachochea hapa, niruke na dele langu nikaangukie baharini Raskazone.

— Ukiruka, kahawa iache, ilisema sauti ya dirishani.

Faris alisubiri kicheko kipungue, kwa maana alikuwa na kubwa zaidi na hakutaka lichanganyike na dogo.

— Nyote hamjafika. Nilimbeba jamaa mmoja juzi, mpishi wao hao wenye magari. Anasema huko chini ni ziwa. Ziwa la mafuta. Tanga nzima imeelea juu yake kama andazi kwenye karai. Sasa wewe tikisa karai. Andazi linasogea, linakwenda zake. Wakitikisa sana tutaamka tuko Pemba.

Korona alilipima jambo hilo kwa uzito wote.

— Wapemba ni wakarimu, alisema. Lakini mji mzima ukiwafikia mlangoni bila taarifa, watatusukuma turudi.

— Na leseni yangu ya boda, aliendelea Faris, sijui kama kule inatambulika.

— Mimi je? Jumapili nitasali wapi?

— Kanisa lako nalo linaelea, ami Laurenti. Na msikiti unaelea. Tunakwenda wote, hakuna wa kuachwa.

— Alhamdulillahi, alisema Korona, ambaye ni Mkatoliki tangu ubatizo, na kijiwe kikacheka hadi Ibrahimu akamwaga kahawa nje ya kikombe.

Mzee Mohsin hakucheka. Mkono wake wa kushoto, ambao wenzake walizoea kuuona ukipumzika ukutani, ulikuwa juu ya ufa.

— Maalim, mbona umetuachia mzigo peke yetu? aliuliza Korona. Wewe sahibu yangu umesoma. Wa kale walisemaje?

— Wa kale, alisema Mzee Mohsin taratibu, walidai kuwa dunia imewekwa juu ya pembe ya ng'ombe. Ng'ombe akichoka, huihamishia pembe ya pili, nasi tukaona tetemeko.

— Basi hawa wanamtekenya ng'ombe, alisema Faris.

Ni hapo alipopita Imakulata, mwalimu aliyehamia mtaa wa pili mwanzoni mwa muhula, binti wa watu wa mkonge wa Pongwe. Alikuwa na madaftari kifuani, akasimama kununua kashata.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwalimu.

— Nasikia mnazungumza habari za magari, alisema. Samahani, mimi bado mgeni hapa. Pale mkutanoni, ninyi mlisemaje?

— Mkutano gani? aliuliza Korona.

— Wa Jumamosi, pale shuleni kwetu. Watu wa kampuni walikuja. Mwenyekiti akauliza kama wenye nyumba za zamani wana neno. Pakawa kimya. Akauliza tena. Pakawa kimya. Akasema basi, hakuna pingamizi, magari yapite Kisimani. Yatapita kesho asubuhi.

Ibrahimu aliacha dele limeinama hewani.

— Hatukuambiwa, alisema Faris.

— Mjumbe alipita na kipaza sauti, mtaa kwa mtaa. Hata hapa alifika.

Kijiwe kikakumbuka. Kilikumbuka pole pole, kila mmoja kwa upande wake, na hakuna aliyependa kumtazama mwenzake. Ni kweli mjumbe alipita Jumamosi ile, akasimama pale pale alipokuwa amesimama mwalimu, akatangaza. Nao walikuwa katikati ya hoja moto kuhusu magari yale yale. Faris ndiye aliyemwinulia mkono akamwambia apunguze sauti, watu wanazungumza mambo ya maana. Na Korona ndiye aliyeongeza kwamba kama ana la kusema akae kwenye foleni. Na Mzee Mohsin, aliyekuwa akieleza habari ya ng'ombe na pembe zake, hakunyamaza hata kuvuta pumzi.

— Sikuweza kusema kwa niaba yenu, alisema Imakulata kwa upole. Ukuta si wangu, na nilikuwa sijawajua. Lakini nilijiuliza. Wenye nyumba walikuwa wapi?

Ibrahimu akalitua dele, akaanza kupangusa vikombe visivyohitaji kupanguswa.

— Mohsini, ilisema sauti ya dirishani. Umeulizwa.

Akafungua kinywa, yeye aliyesoma nahau na mantiki, asipate neno hata moja. Imakulata aliona amewatia katika dhiki, akaaga kwa heshima akaenda zake. Wengine wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akidai ana jambo nyumbani, hata Korona, ambaye kijiwe kizima kilijua kuwa nyumbani hana jambo.

Mzee Mohsin aliingia chumbani kwa dada yake akakaa kwenye kigoda. Bi Muzna alikuwa amelala akiutazama ukuta.

— Dada, kesho twende kwa jamaa yetu Mzee Seif japo kwa siku moja. Gari likishapita tutarudi.

— Na ukuta ukianguka tutarudi wapi?

Mzee Mohsin akakisogeza kigoda karibu na kitanda.

— Ukuta huu ukianguka, alisema Bi Muzna, watakuja watu wenye kofia wauite gofu, wapige alama nyekundu mlangoni. Mimi nimeziona nyumba zikipigwa alama. Hakuna iliyosimama baadaye. Nenda kwa Seif, ndugu yangu, ukapumzike. Mimi nipo.

Basi Mzee Mohsin akaswali isha, akaomba, na usingizi ulipokuja ulimkuta ameshaamua.

Alfajiri, wanaume walipokuwa wakitoka msikitini, alimwita Ibrahimu na Faris. Korona alikuwa ameshafika, amesimama mbele ya nyumba na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.

— Mmelala? aliuliza Mzee Mohsin.

— Nani alale, alisema Korona.

— Basi tusaidiane. Benchi hili linakwenda mdomoni mwa mtaa.

Wakatazamana. Benchi lile lilikuwa halijawahi kuhamishwa. Wazee waliokuwa wakilikalia zamani walitolewa pale kwa jeneza, benchi likabaki. Miguu yake ilikuwa imezama ardhini.

— Maalim, litakatika, alisema Faris.

— Likikatika tutakalia vipande.

Korona akavaa kofia yake. Hiyo ilikuwa kazi anayoijua: akawapanga, mmoja huku, mmoja kule, akawahesabia kama walivyohesabiana kiwandani, na kwa mvuto mmoja wa pamoja benchi likang'oka na udongo wake. Walilibeba mtaani huku madirisha yakifunguka na wanawake wakitoka na mitandio kuona kijiwe kikitembea. Wakalitua mahali ambapo mtaa mwembamba wa Kisimani unakutana na barabara pana, likaziba njia kutoka ukuta hadi ukuta, wakakaa. Ibrahimu akawasha jiko.

— Leo moto ni mwekundu, alisema.

— Umeogopa, alisema Faris. Na gesi imeogopa.

Jua lilipopanda juu ya mabati, gari likaja. Faris kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa ameongeza chumvi: lilikuwa kubwa kama nyumba, na tumboni lilikuwa na bamba la chuma. Mbele yake alitembea kijana aliyevaa kizibao cha kung'aa, jina lake Godlisten, mtu wa milimani, ambaye kampuni ilimwajiri kwa kazi ya kuongea na wenyeji. Alipoliona benchi alisimama. Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, akasogea akainama.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mzee Mohsin. Kaa unywe kahawa.

— Mzee, nina gari nyuma yangu.

— Naliona. Nalo likae.

Godlisten akakaa. Ibrahimu akammiminia.

Katika nyumba ya Mzee Mohsin, na kwa hiyo kijiweni pake, kahawa ilikuwa na adabu iliyoletwa na babu yake kutoka Oman. Mgeni humiminiwa kidogo, kiasi cha kufunika kitako cha kikombe, ili apate kumiminiwa tena na aendelee kukaa. Akitosheka, hukitikisa kikombe kwa vidole kabla ya kukirudisha. Asipokitikisa, muuzaji humwongezea. Ama kikombe kilichojazwa pomoni, hicho mgeni hapewi, isipokuwa mwenyeji anamwambia pasipo kufungua kinywa kwamba sasa wakati wake wa kuondoka umefika. Godlisten hakuijua adabu hiyo. Alikunywa, akarudisha kikombe kwa heshima. Ibrahimu akakijaza robo. Akanywa, akarudisha, Ibrahimu akamimina. Kijana akaanza kutokwa na jasho.

— Mzee, kahawa ya huku haiishi?

— Kitikise kikombe, kaka, alimnong'oneza Faris. Usipokitikisa utakunywa hadi ustaafu.

Godlisten akakitikisa kikombe, Ibrahimu akakipokea, na kijana akavuta pumzi.

— Wazee wangu, alisema, naona kuna wasiwasi. Naomba niwatoe. Sisi hatuchimbi. Gari linaigonga ardhi, mwangwi unarudi, na mwangwi ule unatuonyesha chini kuna mawe gani. Basi. Mafuta yakiwepo au yasiwepo, leo hayatoki.

— Hata chooni? aliuliza Korona.

— Hata wapi, mzee?

— Endelea na Maalim, alisema Korona.

Mzee Mohsin aliuelekeza mkono wake kwenye nyumba yake.

— Ukuta ule unauona? Nyuma yake amelala dada yangu. Gari lako likikanyaga mbele yake, ukuta utasemaje?

— Mtikisiko ni mdogo, mzee wangu. Mimi mwenyewe lilipita nje ya ninapokaa, nikiwa mezani. Hata chai haikumwagika.

— Unakaa kwenye nyumba ya nini?

— Ya matofali ya saruji.

— Na chai ilikuwa kiasi gani kikombeni?

Godlisten alifikiri kwa uaminifu.

— Nusu, mzee.

— Nyumba yangu ni ya mawe na chokaa, alisema Mzee Mohsin. Na kikombe changu leo kitajaa. Liweke gari lako hapa hapa kwenye barabara pana, mbali na ukuta. Ligonge mara moja. Kahawa ikitulia, mimi mwenyewe nitaliondoa benchi hili.

Fundi wa vipimo, jina lake Edgar, alikuwa ameshuka garini na kusogea. Aliutazama ule ukuta kwa muda.

— Hii ni chokaa tupu? aliuliza. Mbona hatukuambiwa? Kanuni yetu ni kwamba nyumba kama hii tuipime kwanza. Mkutanoni tuliuliza.

Mwalimu Imakulata alikuwa njiani kwenda shule, amesimama na wanawake wa mtaa.

— Niliwaona mkiuliza, alisema. Wenyewe ndio hawa. Wamechelewa, lakini wamekuja na benchi.

— Siku ile tulikuwa hapa, alisema Korona. Tukiwajadili ninyi.

— Swali lilikuwa letu kulijibu, na hatukulijibu, alisema Mzee Mohsin. Leo twalijibu. Pima.

Edgar akachukua kipimo chake, akakiweka chini ya ukuta. Mzee Mohsin na Godlisten wakamfuata, na Mzee akamwita Ibrahimu.

— Nijazie. Pomoni.

Mkono wa Ibrahimu ukasita juu ya kikombe.

— Maalim, mbele ya mgeni?

— Mbele ya mgeni.

Wale wa kijiweni wakatazamana, kwa maana waliielewa hukumu iliyokuwa ikimiminwa. Godlisten peke yake ndiye aliyeona kahawa tu. Ibrahimu akamimina hadi kahawa ikavimba juu ya mdomo wa kikombe bila kumwagika. Mzee Mohsin akakipandisha kwa mikono miwili hadi kizingiti cha dirisha la dada yake, kando ya ufa, akakiacha hapo.

— Kipimo chako ukisome wewe, alimwambia Edgar. Changu nitakisoma mimi.

— Kikimwagika kwenye shuka langu, ilisema sauti ya dirishani, atafua nani?

— Nitafua mimi, bibi, alisema Godlisten, bila kumwona aliyesema.

— Wewe ni mtoto mzuri. Mama yako hajambo?

— Hajambo, bibi.

Edgar akainua mkono. Kule barabarani gari likateremsha bamba lake, na ngurumo ikaja, si masikioni bali nyayoni kwanza, ikapanda magotini, ikafika kifuani. Mzee Mohsin hakulitazama gari. Alikitazama kikombe. Uso wa kahawa ulikunjika, ukafanya viduara ndani ya viduara, kikombe kikaanza kutikisika juu ya jiwe kama meno ya mtu mwenye homa, na kahawa ikateremka ukutani, ikauingia ufa na kuufuata hadi chini, nyeusi juu ya chokaa nyeupe. Kisha kipande cha chokaa, kipana kama kiganja, kikang'oka kando ya dirisha kikapasuka kwenye kiatu cha Godlisten.

Edgar akapunga mkono upesi. Ngurumo ikakata.

Ndipo Bi Muzna akanena, kwa sauti ya mwenye nyumba.

— Kikombe kimejazwa, na kikombe kimetikiswa. Mgeni ametosheka.

Faris ndiye aliyelazimika kumweleza Godlisten maana yake, na kijana akatazama chini, akatabasamu pasipo kutaka. Edgar alikuwa amepiga goti mbele ya kipimo chake. Alisoma, akafuta vumbi, akasoma tena.

— Kwa saruji, haina neno, alisema. Kwa nyumba hizi, hapana. Na kule ni mbali. Tungekuja karibu sijui. Godlisten, gari haliingii. Mtaa huu mzima, haliingii.

— Limerudi? aliuliza Bi Muzna.

— Linarudi, dada, alisema Mzee Mohsin.

Kwa kweli liligeuka. Liligeuka kwa shida, kwa kurudi nyuma na kusogea mbele, likipiga king'ora chake cha kinyumenyume kama mtu mzima anayelia, na vigelegele vya wanawake wa Kisimani vikalisindikiza hadi likapotea kwenye kona. Korona alivua kofia, akaipepea, akawaeleza wote waliotaka na wasiotaka kwamba alijua tangu mwanzo, kwa kuwa mashine anazijua. Ibrahimu alimimina kahawa kwa kila mtu, kidogo kidogo, kwa adabu, hadi kwa dereva wa bajaji aliyekuwa akipita zake tu, asiyejua ushindi ni wa nini lakini akaupokea. Mwalimu Imakulata alipewa kikombe akiwa amesimama, naye, aliyekuwa mgeni jana, alikitikisa vizuri kabla ya kukirudisha.

— Huyu ni wa hapa, alisema Faris.

Walilibeba benchi kulirudisha mahali pake, na safari hii wabebaji walikuwa wengi kuliko nafasi za kushika. Miguu yake ikaingia katika mashimo yake yale yale.

Hapo ndipo Godlisten aliporudi, ameshika kizibao mkononi.

— Wazee wangu, bado kuna jambo. Gari litagongea kule barabara ya Pongwe, mbali kabisa. Huku tungependa kuweka hivi tu.

Akaonyesha vidude vidogo, kila kimoja hakizidi kikombe cha kahawa, vyenye mwiba wa kuchomeka ardhini.

— Hivi havitikisi chochote. Ni masikio. Vinasikiliza mwangwi ukifika.

— Sikio halijawahi kubomoa nyumba, alisema Mzee Mohsin. Weka.

— Ahsante, mzee. Ila vinasikia kila kitu. Hatua, redio, maneno. Wakati wa kusikiliza panatakiwa pawe kimya kabisa. Edgar atainua mkono, na mpaka aushushe, asiseme mtu.

Akalitazama benchi, watu wake, na nyuso zao, akakohoa kidogo.

— Mtaweza?

Korona akamtazama Faris. Faris akamtazama Ibrahimu. Kijiwe kile hakikuwahi kuombwa jambo zito kama hilo.

— Tutajaribu, alisema Faris. Lakini kama mtu ana neno dogo tu...

— Redio Mbao, alisema Korona. Zima.

Vidude vikachomekwa kandokando ya mtaa, kimoja karibu na mguu wa benchi. Edgar akainua mkono.

Kisimani ikanyamaza. Ibrahimu alikumbatia vikombe vyake visigongane. Wanawake walisimama milangoni na vidole midomoni. Faris aliyafumba macho na mashavu yakamvimba, maana alikuwa na hoja kuhusu masikio yale, hoja nzuri, na ilimchoma kooni kama kaa la moto. Kutoka mbali sana, kutoka upande wa Pongwe, kitu kiligonga ardhi, na Kisimani hakuna aliyekihisi isipokuwa vile vidude. Mzee Mohsin alisikia mambo ambayo kelele za miaka zilikuwa zimemficha: kamba ya ndoo ikisugua ukingo wa kisima uani, njiwa wakitembea juu ya bati, na kwa ndani ya ukuta, karibu kabisa na sikio lake, pumzi ya dada yake ikipanda na kushuka.

Mkongojo wa Bi Muzna, ambaye alisinzia vigelegele vilipokwisha na hakumsikia Godlisten, ulisogea dirishani, ukasita.

— Mohsini, ilisema sauti ya Bi Muzna, kwa wasiwasi. Mpo?

Jana aliulizwa akakosa jibu, na aibu ikamshika. Leo aliulizwa na jibu lilikuwa limejaa kifuani, wala hakuweza kulitoa, kwa maana mkono wa Edgar ulikuwa bado juu. Basi, badala ya neno, aliuweka mkono wake mahali pake pa siku zote, juu ya ufa, kwenye njia nyeusi ya kahawa ambayo ilikuwa haijakauka. Ukuta ulikuwa umetulia. Haukutikisika hata kwa kiasi cha kikombe.

Nawe uliyetega sikio hadi hapa bila kumkata msemaji, Mola akuandikie ujira wa msikilizaji. Aithibitishe misingi ya nyumba yako, ampe afya aliyelala nyuma ya ukuta wako, na kikombe chako mbele ya jirani kimiminwe kidogo kidogo, ili usihimizwe kuondoka. Amina.